Upinde Usiojulikana Unapoishia

Kuna kipande cha piano cha Fryderyk Chopin ambacho hakizidi ukurasa mmoja. Ni preludi ya nne katika zile 24 za Opus 28. Ina vipimo 25 tu, yaani yale mafungu ya mapigo yanayotengwa kwa vijistari vya wima, na mkono wa kulia hauna kazi kubwa ila kuimba sauti chache zinazoshuka polepole, kama mtu anayesimulia msiba bila kupaza sauti. Chopin alipoagwa mjini Paris, tarehe 30 Oktoba 1849, kipande hiki kilipigwa kwa kinanda cha kanisa la Madeleine. Nakitaja kwa sababu ndicho kilichonifikisha kwenye jambo ninalotaka kuwaeleza malenga wenzangu leo. Mjukuu wangu, ambaye anajifunza piano, anavyo vitabu viwili vyenye kipande hicho hicho. Noti ni zile zile, ila pinde zake hazilingani.

Nieleze kwanza upinde ni nini, maana najua wengi wetu hapa ni watu wa vina na mizani, si watu wa mistari mitano. Waliowahi kuimba kwaya kwa noti za do-re-mi watakumbuka kile kijistari kinachochorwa chini ya herufi mbili au tatu. Kinamwambia mwimbaji kwamba silabi moja ibebe sauti zote hizo bila kukatika. Katika mistari mitano, kazi hiyo hufanywa na mchoro uliojikunja juu au chini ya noti, nami nauita upinde kwa sababu ndivyo unavyoonekana. Wajerumani nao huuita kwa neno lenye maana hiyo hiyo. Kwao neno hilo pia ni jina la ule ufito wenye nywele za farasi unaosugulia nyuzi za fidla, na ulinganifu huo si wa bure, kwani kwa mpiga fidla upinde ulioandikwa humaanisha upinde anaoushika: noti zote zilizo chini ya mchoro mmoja zipigwe kwa mvuto mmoja wa mkono.

Basi alama hii ilizaliwa na wazazi wawili, koo na mkono. Kwa mwimbaji ni silabi, kwa mpiga fidla ni mvuto. Ilipohamia kwenye piano ikawa yatima, maana piano haina pumzi wala ufito. Kila noti ni nyundo inayogonga uzi, na mara tu inapogonga, sauti huanza kufa. Hakuna awezaye kuunganisha noti mbili za piano kama mwimbaji anavyoziunganisha, isipokuwa kwa kumdanganya msikilizaji: uachie noti ya kwanza kwa kuchelewa kidogo, ya pili uiguse kwa upole zaidi, mpaka sikio liamini kuwa moja imezaa nyingine. Leopold Mozart, katika kitabu chake cha kufundishia fidla kilichotoka mwaka 1756, alifundisha kwamba noti ya kwanza chini ya upinde itiliwe mkazo kidogo, na zinazofuata ziungwe nayo kwa sauti inayopungua. Msemaji wa Kiswahili, ambaye mkazo wake umezoea kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hana budi kuitafakari kanuni hiyo mara mbili. Ni lugha ya watu wanaoanza neno kwa nguvu.

Kufikia zama za Chopin, upinde ulikuwa umeongezewa kazi ya tatu, nayo ndiyo iliyoleta mgogoro. Ulianza kuonyesha mawazo. Upinde mrefu uliovuka vipimo vingi haukumaanisha tena silabi moja wala mvuto mmoja wa ufito, bali ulimaanisha kwamba hapa pana kauli moja, isikatwe. Karol Mikuli, mmoja wa wanafunzi wa Chopin, ameandika kwamba mwalimu wake alimfananisha mpigaji asiyejua kugawa kauli na mtu anayetoa hotuba aliyoikariri katika lugha asiyoifahamu. Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimekwisha kustaafu, na nilicheka peke yangu. Miaka yangu ya kufundisha ushairi sekondari niliwasikia wanafunzi wengi wakisoma mashairi ya lugha yao wenyewe kwa namna hiyo hasa.

Sasa tuufungue muswada. Ule wa preludi umehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Poland, Warsaw, na picha zake mtu anaweza kuzitazama akiwa nyumbani. Nimezipitia mara nyingi usiku, kurasa zikikuzwa mpaka chembe za karatasi zikaonekana. Mwandiko wa Chopin ni mdogo na safi. Alipotaka kufuta, hakuridhika na mstari mmoja. Alifunika lile lililokataliwa kwa vijistari vya kupishana, vilivyosongamana kama mkeka, hata lisomeke kwa shida au lisisomeke kabisa. Alikuwa mtu asiyetaka rasimu zake zichunguzwe. Lakini pinde ni jambo lingine. Noti huandikwa moja moja, kwa uangalifu. Upinde huchorwa kwa mtupo mmoja wa mkono, noti zikiwa zimekwisha kuandikwa, na mkono unaotupa hauwezi kuanza mahali pasipo na shaka wala kukoma mahali pasipo na shaka. Utauona upinde unaoanzia kwenye nafasi kati ya noti mbili. Je, wa kulia au wa kushoto? Utauona mwingine unaopita noti ya mwisho na kuelekea kwenye kistari cha wima. Je, umevuka mpaka kwa makusudi, au kalamu ilikuwa na kasi?

Wahariri wa miswada yake wanalo tatizo moja linalowasumbua kuliko mengine, nalo ni mwisho wa mstari. Karatasi inapokwisha upande wa kulia, upinde unaachwa wazi ukielekea pambizoni, kama mtu anayesema "bado naendelea." Unashuka mstari unaofuata kutafuta uendelezo wake, huupati, noti zinaanza bila upinde wowote, au zinaanza na upinde mpya. Wakati mwingine huwa kinyume: mstari wa chini unaanza na upinde uliotokea hewani, na juu hakuna kilichoutuma. Sisi tuna istilahi inayofaa hapa. Mstari usiojitosheleza, ambao maana yake humwagikia mstari unaofuata, tunauita mshata. Lakini mshata wa mshairi huthibitishwa na sarufi: kitenzi kinadai shamirisho, nayo shamirisho imekaa chini. Mshata wa Chopin hauna shahidi wa namna hiyo.

Kuna pia pinde mbili zinazokutana juu ya noti moja, huu ukiishia na ule ukianzia hapo hapo. Noti hiyo ni ya nani? Mhariri mwenye haraka huzitenganisha, akaipa noti upande mmoja. Mimi, kwa mazoea ya kwetu, huiona kama lile neno la shairi la pindu linalofunga ubeti na kufungua unaofuata. Halimilikiwi na ubeti mmoja.

Haya yote yangekuwa mepesi kama yangebaki kwenye karatasi moja, lakini muswada husafiri. Mnamo Januari 1839 Chopin, akiwa kisiwani Majorca, alizituma preludi zake kwa Julian Fontana huko Paris. Fontana alikuwa rafiki yake tangu Warsaw, na ndiye mnakili wake. Akanakili. Muswada wenyewe ukatumiwa na mchapishaji wa Paris, nakala ya Fontana ikaenda Leipzig, na London wakafuata toleo la Ufaransa. Matoleo yote matatu yakatoka mwaka huo huo. Kila mahali alikuwapo fundi wa kuchonga bamba za chapa, ambaye naye alipaswa kuamua, kwa jicho lake na kwa nafasi aliyobakiwa nayo, upinde uanze wapi. Baadaye Chopin alipokuwa akifundisha, aliweka alama za penseli katika vitabu vya wanafunzi wake, kama vile vya Jane Stirling, na alama hizo si lazima zikubaliane na kilichochapwa. Ndiyo maana mjukuu wangu ana vitabu viwili visivyolingana, na vyote viwili vinaweza kudai, kwa njia zao, kwamba vinamfuata mtunzi.

Si watunzi wote waliolipuuza jambo hili. Mnamo Agosti 1825 Beethoven alimwandikia Karl Holz barua kali kuhusu unakili wa kwateti yake ya nyuzi, Opus 132. Alisisitiza kwamba penye nukta juu ya noti pasiwekwe kistari, wala penye kistari pasiwekwe nukta, na kwamba pinde zibaki kama alivyoziandika. Ni barua ya mtu aliyechoshwa. Hata hivyo ukiitazama miswada ya Beethoven mwenyewe, utaona ni vigumu mara nyingi kubainisha nukta zake na vistari vyake. Muswada wa sonata yake ya piano iitwayo Appassionata, ulioko Paris, umeongezewa na madoa ya maji, kwa kuwa alinyeshewa nao njiani mwaka 1806. Mtunzi anaweza kudai usahihi kwa mnakili ambao mkono wake mwenyewe haukuutoa, na bado akawa na haki.

Mwishoni mwa karne ya 19 walitokea waliotaka kuumaliza ubishi huu kwa nguvu. Hugo Riemann, mwanazuoni mkubwa wa Ujerumani, alitoa matoleo ambayo pinde za watunzi ziliondolewa, zikawekwa zake, kila kauli ikiwa imepimwa na kutengwa kama nyama buchani. Mwanafunzi hakuwa tena na sababu ya kujiuliza kitu. Mwaka 1925 Heinrich Schenker aliandika makala ya hasira kuupinga upinde wa namna hiyo, na mimi niko upande wake. Kabla yao, Johannes Brahms alikuwa mmoja wa wahariri wa toleo kamili la Chopin lililoanza kutoka Leipzig mwaka 1878. Mwenzake mmoja alipotaka tahajia ya noti isahihishwe, Brahms alikataa, kwa hoja kwamba kutoka kusahihisha tahajia hadi kusahihisha utunzi ni hatua fupi. Toleo la Taifa la Poland, lililosimamiwa na Jan Ekier na kukamilika mwaka 2010, lilimgharimu mhariri huyo miongo ya maisha yake. Sehemu kubwa ya kazi ya wahariri wa aina yake ni kutazama michoro iliyojikunja na kuuliza ilikusudiwa kufika wapi.

Sisi hatuna haki ya kuwashangaa. Tendi zetu za kale zilihifadhiwa kwa hati za Kiarabu, na katika nyingi kati yake vipande vya ubeti hutengwa kwa vijialama vidogo. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alikuwa pia mchonga mbao, mshairi na mwanamuziki, na sidhani mkono wake ulivitenga vipaji hivyo. Vijialama hivyo vinamwambia msomaji mahali kina kinapofungwa. Havimwambii maana inaishia wapi. Na chini yake kuna irabu: kwa mtindo wa zamani, alama moja hutumika kwa *i* na *e*, na nyingine moja kwa *u* na *o*, hivi kwamba *mtu* na *mto* huweza kuandikwa sawasawa. Aliyejua utendi hakupotea, kwa sababu hakuwa akiusoma, alikuwa akiukumbuka. Tunaopotea ni sisi tuliokuja baadaye na nakala mkononi.

Nimeyafuatilia haya kwa miezi kadhaa kwa sababu nina muswada wangu mezani.

Rafiki yangu, mwalimu mwenzangu tuliyekuwa naye chuo cha ualimu, alifariki mwaka juzi na kuacha madaftari mawili ya mashairi. Mdogo wake ameniomba niyaandae yachapwe, nakala chache tu, kwa ajili ya ukoo na marafiki. Kazi ilikwenda vizuri mpaka shairi moja la beti saba. Ubeti wa tatu unasimulia jinsi alivyoondoka nyumbani baada ya kukosana na baba yake. Ubeti wa tano, barua ya msiba inamfikia mjini: baba amefariki. Katikati, ubeti wa nne, mshororo wa tatu, ameandika:

*Sikwenda kwa kuogopa, ndugu yangu nisamehe*

Baada ya neno *Sikwenda* kuna kitone cha wino.

Malenga mnaona kilichopo. Kitone kikiwa mkato, maana yake ni kwamba hakwenda mazikoni, na kilichomzuia ni woga. Kisipokuwa mkato, anaweza kuwa bado anazungumzia ile siku ya kuondoka: alikwenda zake, lakini si woga uliompeleka. Kiswahili chetu kinazibeba maana zote mbili katika mizani nane zile zile bila kubadilisha herufi.

Nilifanya walivyofanya wahariri wa Chopin. Nilichunguza mazoea ya mkono wake katika madaftari yote mawili. Marehemu aliweka mkato mwishoni mwa kila ukwapi, bila kukosa, na ndani ya ukwapi aliuweka mara nne tu, zote akimwita mtu kwa jina. Hakuvunja kipande baada ya mizani tatu mahali pengine popote. Hiyo ni hoja dhidi ya mkato. Aidha, mikato yake ina mkia, na kitone hiki hakina. Tena kwenye ukurasa huo huo kuna vitone vingine viwili kati ya maneno, mahali ambapo mkato haungekuwa na maana, kana kwamba aliiacha kalamu ipumzike alipokuwa akifikiri. Hoja ya pili. Lakini mtu anayemwomba radhi nduguye kwa jambo alilolinyamazia miaka arobaini anaweza kuvunja kipande ambacho hajawahi kukivunja, na angekivunja hapo hasa.

Juu ya mshororo kuna neno lililofutwa. Ameliziba vizuri, lakini mwanzo wake unasomeka *Siku*, na mwisho wake *ka*. Kama ni *Sikufika*, jibu limepatikana, ni maziko. Kama ni *Sikutoka*, jibu limepatikana pia, ni kuondoka. Sababu ya kulifuta inaeleweka: lolote kati ya hayo mawili lingeufanya ukwapi uwe na mizani tisa. Kwa hiyo alibadilisha kwa ajili ya mizani, akachukua neno fupi, na neno fupi likawa na milango miwili. Nimeliinua lile karatasi mbele ya dirisha, nimelipiga picha na kuikuza. Herufi mbili za katikati hazitoki.

Nilimwonyesha mdogo wake. Yeye ndiye aliyesimama kaburini siku ile, watu wakiwa wamechelewesha maziko hadi alasiri kumngoja mwana mkubwa. Aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akaniambia, "Mwalimu, pakiwa na mkato, kaka ananieleza kwa nini hakuja. Pasipo mkato, hajanieleza kitu." Hakuniambia niuweke. Wala hakuniambia nisiuweke.

Wahariri wa muziki wana desturi nzuri: upinde wanaouongeza wao huuchapa kwa vijistari vilivyokatikakatika, au huutia ndani ya mabano, ili msomaji ajue mkono wa nani umepita. Nilijaribu kuuweka mkato katika mabano ya mraba nikauondoa siku hiyo hiyo. Katika shairi la marehemu ulikuwa kama mgeni aliyeingia matangani na viatu. Nimeamua ukurasani pabaki *Sikwenda kwa kuogopa* bila mkato, nafasi baada ya neno la kwanza ikiwa pana kidogo kuliko nyingine, na chini niweke tanbihi inayoeleza kitone, wino wake, umbo lake, na neno lililofutwa. Msomaji aamue.

Lakini mhariri na mpigaji si mtu mmoja, nalo hili sikulitia maanani vya kutosha nilipokuwa nikiwasoma wakina Ekier. Mhariri anaweza kuiacha shaka ikae ukurasani. Mpiga piano hawezi. Mkono wake ama utainuka baada ya noti ile ama hautainuka, na ukumbi mzima utasikia. Mdogo wake marehemu amenitaka nilighani shairi hilo siku kitabu kitakapogawiwa, mwezi ujao, nyumbani kwao. Mahadhi ya shairi hupumzika mwisho wa ukwapi, si kabla. Nikighani kwa mkondo wake wa kawaida, sauti itapita juu ya *Sikwenda* bila kusimama na kutua kwenye *kuogopa*, na yule mzee aliyeketi mbele atakuwa amejibiwa. Nikisimama baada ya mizani ya tatu, hata kwa nusu ya pumzi, mahadhi yatavunjika na kila mwenye sikio atajua kwamba nimesimama kwa makusudi.

Nimekwisha kufanya mazoezi ya namna zote mbili. Ile ya kusimama ni ngumu zaidi kwa koo langu.